Kibarua Akisema Ana Mafua, Muulize Kwanza Alikuwa Kazi Gani

Ukiwa na vibarua shambani, neno "mafua" utalisikia sana. Mtu ana homa, kichwa kinauma, mwili wote umechoka. Anameza panadol, mwingine anameza dawa ya malaria bila hata kupima, kesho yuko kazini. Mara nyingi anapona. Ila kuna homa zinazofanana na mafua ambazo zinatokana na kazi yenyewe, na baadhi zinaua.

Waliofungasha mazao
Mafua ya kweli yanaletwa na kirusi. Dalili huanza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa: homa, kikohozi, koo kuwasha. Yanapenda msongamano, kwa hiyo yanawapata zaidi wanaofungasha mboga chumba kimoja, wanaolala bweni moja au kubanana kwenye gari moja. Anayekohoa apumzike. Ukimlazimisha, wiki ijayo utakosa watu watano.

Wa ghalani
Waliopura au kuhamisha mahindi yenye ukungu wanaweza kupata homa, baridi na kifua kubana saa 4 hadi 12 baada ya kuvuta vumbi. Unakuta waliokuwa ghalani wote wanaumwa usiku mmoja, ila wake zao nyumbani wazima. Hii haiambukizi, na kwa kawaida inaisha ndani ya siku chache. Lakini ikijirudia kila msimu, mapafu yanaweza kuharibika moja kwa moja. Kausha nafaka vizuri, fungua madirisha, nunua barakoa nzuri. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Wa zizini
Aliyezalisha ng'ombe au mbuzi mikono mitupu, au anayekunywa maziwa mabichi, anaweza kupata brusela. Homa inakuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, usiku anatoka jasho, mgongo na viungo vinauma. Tiba yake ni dawa zaidi ya moja kwa wiki 6 au zaidi, kwa hiyo vidonge vya siku tatu havitaimaliza. Mnyama akitupa mimba, vaa glovu, fukia kondo, na umwite mtaalamu wa mifugo.

Wa majarubani
Mwaka 2022 watu waliugua na wengine kufariki wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Ugonjwa uligundulika kuwa leptospirosisi, ukaitwa homa ya mgunda, yaani homa ya shambani. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, vikaingia kupitia michubuko mtu akitembea kwenye maji au tope. Ukiona homa na maumivu makali ya misuli ya miguu, macho mekundu au ya njano, usisubiri. Ikiwahiwa, inatibika kwa antibiotiki. Gambuti ni nafuu kuliko mazishi.

Wa bomba la dawa
Huyu ndiye wa haraka kuliko wote. Amenyunyizia dawa ya wadudu, baada ya muda mfupi pua inachuruzika, machozi na mate yanamtoka, jasho jingi, kifua kinabana, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mara nyingi hana homa. Hiyo ni sumu. Mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali na lebo ya dawa mkononi. Wewe unayemsaidia vaa glovu.

Sasa fanya hivi
Weka daftari: nani, kazi gani, tarehe gani. Brusela na homa ya mgunda zinaweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza, na hakuna atakayekumbuka kwa kichwa. Kibarua akienda zahanati, aanze kwa kutaja kazi yake, maana daktari akisikia "homa" tu, atawaza malaria kwanza. Akipima na malaria haipo, aombe uchunguzi zaidi.

Shamba linaendeshwa na watu. Walinde, nao watakuvunia.