Resori za nyuma: pima mzigo kwanza, ndipo uinue motokari

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaosafiri na watoto nyuma ya pikapu, leo tunazungumza juu ya resori za nyuma. Ni yale mabamba ya chuma yaliyolaliana, marefu juu na mafupi chini, yanayobeba sanduku la pikapu na kila kilichomo.

Mvua zikianza, nenda Alunguli, pale motokari zinapongoja kivuko cha Lualaba. Utasikia maneno yale yale: "Yangu inakaa chini mno. Fundi ataniongezea mabamba mawili." Mwenye motokari anafurahi kwa sababu nyuma imepanda kama mgongo wa mbuni. Kwake yeye, motokari iliyoinuka ni motokari yenye nguvu.

Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo. Pikapu yangu ya kwanza niliitia bamba moja la lori, nene, nikaona nimepata kitu cha bure. Ikiwa na magunia ya mpunga ilitembea vizuri kabisa. Siku tuliyorudi tupu barabara ilikuwa na utelezi. Kwenye mteremko nilikanyaga freni, nyuma ikatangulia mbele, tukaishia mferejini tukitazama tulikotoka. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye sanduku, mtoto mgongoni. Hawakuumia. Lakini tangu siku ile nilianza kuuliza maswali ambayo ningeuliza kabla ya kumlipa fundi.

Swali la kwanza: kwa nini nyuma imeshuka? Kuna sababu mbili, na dawa zake si moja. Resori iliyozeeka hupoteza upinde wake, inalala chini hata motokari ikiwa tupu. Ugumu wake lakini unabaki karibu ule ule wa zamani. Hiyo inahitaji kurudishiwa upinde au kubadilishwa, si kuongezewa bamba. Resori nyingine ina upinde mzuri ikiwa tupu, ila ukiipakia inazama mpaka ponti inagonga mpira wa juu. Hiyo ndiyo dhaifu kwa mzigo wako. Wengi wanatibu ugonjwa wa kwanza kwa dawa ya pili, halafu wanalalamika kwamba motokari inawavunja mgongo.

Kupima ni rahisi. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa pine utakudanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kushoto na kulia, motokari ikiwa tupu mahali palipo sawa. Andika. Pakia mzigo unaoubeba siku nyingi, pima tena. Tuseme umeweka kilo 500 juu ya ponti ya nyuma na motokari imeshuka sentimita 10. Kila resori imebeba kilo 250, basi ugumu wake ni kilo 25 kwa kila sentimita. Sasa tazama nafasi iliyobaki kati ya ponti na mpira wake. Ikiwa bado vidole vinne au zaidi vinaingia, usiongeze kitu chochote. Ikiwa hata kimoja hakiingii, mashimo ya njia ya Kalima yatapiga shasi yako kama nyundo.

Katika kuhesabu mzigo, sisi wa machimbo tujihadhari zaidi ya watu wengine. Kasiteriti ina uzito karibu mara 7 ya maji. Ndoo ya lita 20 iliyojaa inaweza kupita kilo 70. Sanduku linaonekana nusu tupu, kumbe resori zimekwisha kulala. Mpunga unajaza sanduku na macho yako yanakuambia basi, imetosha. Kasiteriti haikuambii chochote. Kilo ambazo motokari inaruhusiwa kubeba zimeandikwa kwenye kibao chake au kitabu chake. Bamba la ziada halibadilishi maandishi hayo, kwa maana ponti, beringi na freni ni zile zile.

Sasa tuje kwenye unene, na hapa ndipo watu wanapodanganyika. Ukiongeza unene wa bamba mara mbili, ugumu wake hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nane. Kwa hiyo bamba la milimita 10, lenye upana na urefu sawa na lile la milimita 7, ni gumu karibu mara tatu. Ikiwa resori yako ina mabamba matano ya milimita 7, kuongeza la sita lililo sawa nayo kunazidisha ugumu takribani sehemu moja kati ya tano. Kuongeza lile moja la lori kunazidisha zaidi ya nusu. Hilo ndilo nililotia mimi. Motokari ikiwa tupu, resori ngumu namna hiyo haishuki kufuata shimo. Gurudumu linaruka, na gurudumu lililo hewani halina freni.

Tena kuna kifaa ambacho wenye pikapu wengi hawakijui. Katika pikapu nyingi, za Toyota pia, kuna fimbo ndogo ya chuma inayotoka kwenye ponti ya nyuma kwenda kwenye vali ya freni juu ya shasi. Fimbo hiyo inapima jinsi nyuma ilivyoshuka. Ikiwa imeshuka sana, vali inajua kuna mzigo, inapeleka nguvu nyingi kwenye freni za nyuma. Ukiinua nyuma kwa mabamba, vali inafikiri motokari ni tupu hata ukiwa na tani moja. Freni za nyuma zinapata nguvu kidogo, na wewe unasimama mbali na pale ulipotaka kusimama. Fundi akiinua motokari bila kurekebisha fimbo hiyo, hajamaliza kazi. Atazame vilevile mpira wa mafuta ya freni unaoshuka kwenye ponti: ponti ikining'inia, mpira huo usivutike.

Wengine watasema: "Lakini ninataka diferansieli ipite juu ya tope." Ndugu, diferansieli iko ndani ya ponti, na ponti imekaa juu ya magurudumu. Weka mabamba kumi, diferansieli itabaki pale pale ilipokuwa, ikilima tuta la katikati ya njia. Pine kubwa zaidi tu ndiyo inayoiinua, nayo ina taabu zake. Kinachopanda kwa resori ni bodi. Nakubali kwamba bodi iliyopanda inafaa unapoingia kivukoni, maana mkia wa motokari hausagi chini. Lakini kwa jambo hilo sentimita chache zinatosha.

Hata Wamarekani walipitia shule hii. Mwaka 1967 Chevrolet Camaro ilitoka na injini za nguvu, huku kila upande wa nyuma ukiwa na resori ya bamba moja tu. Dereva akikanyaga gesi kwa nguvu, bamba lilijipinda kama herufi S na ponti ikaanza kurukaruka. Mwaka 1968 zile zenye injini kubwa zikapewa mabamba mengi. Kwa maana resori haibebi tu: ndiyo pia inayoshika ponti isizunguke wala kwenda upande. Na katika miaka ya 1970 vijana wa huko walikuwa na mtindo wa kuinua nyuma kwa jumeli ndefu, zile pingu zinazoshika mwisho wa resori. Motokari zilipendeza macho, ila jumeli ndefu zinayumba kushoto na kulia kwenye kona. Wanaofanya hivyo Kindu leo wamechelewa miaka hamsini.

Taa nazo zinafuata nyuma. Ukiinua nyuma, taa zinamulika udongo mbele ya pua yako. Nyuma ikilala, zinapofusha wanaosukuma baiskeli usiku. Baada ya kazi ya resori, elekeza taa ukutani, uzirekebishe.

Neno kwa mafundi wetu. Bamba lililopoteza upinde likitiwa katika moto wa makaa na kupigwa nyundo tu, linapoteza ugumu wa chuma chake. Litapendeza wiki mbili, kisha litalala tena. Bamba lililovunjika halichomelewi; linatupwa. Usiingie chini ya motokari iliyoshikwa na jeki peke yake, weka magogo imara chini ya shasi. Na kabla ya kufungua bolti ya katikati, bana mabamba kwa klempu, kwa sababu yamebanwa kama mtego na yanaweza kukata vidole.

Zile bolti za umbo la U zinazofunga resori kwenye ponti hulegea mabamba yanapozoeana. Safari ya kwanza yenye mzigo ikiisha, ukiwa bado unangoja kivuko, chukua ufunguo uzikaze tena zote nne za kila upande, yaani nati zake nne, ukianza na upande wa dereva.