Mafuta ya kamyo haifai ku turbo

Huku Kolwezi tunaona vijana wetu wanapata dekonti, wananunua Subaru ya turbo. Vizuri. Kisha wanamwanga ndani 15W-40 ya kamyo bene, yenye imetoka kazini mu bidon. Hapana! Turbo inazunguka hata mara 100 000 kwa dakika, na mafuta ya moteri njo inailainisha na kuipoza. Namba ya mbele ni ya moteri baridi: 15 inakawia kufika ku turbo asubuhi ya mwezi wa sita. Fungueni kitabu cha motokari. Mara nyingi kinaomba 5W-30 ya sentetiki. Iko bei, tunajua.

Na ile bidon, walinzi wanaikamata ku geti. Tulienda kumtetea ndugu mmoja, litri 5 tu. Hakurudi kazini.