Kabla ya kujitolea kuwahudumia wagonjwa nyumbani

Iwapo wewe ni mkazi wa Section 58 au mtaa mwingine wa Nakuru, huenda umewahi kusikia tangazo baada ya ibada kwamba watu wa kujitolea wanahitajika kuwatembelea wagonjwa. Wengi huinua mikono. Kufikia wiki ya tatu hubaki wachache, na mara nyingi si uvivu. Hawakuelezwa kazi yenyewe ni ipi.

Huduma za aina hii si ngeni hapa. Wakati wa mapigano ya kikabila ya 1992 makanisa yaliwapa hifadhi waliofukuzwa makwao, na Askofu Raphael Ndingi wa Nakuru aliyashutumu mapigano hayo hadharani. Mwanzoni mwa 2008 maelfu walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru. Miongoni mwao walikuwemo waliokimbia na kuacha nyumbani dawa za ukimwi na kifua kikuu. Watu kama hao walihitaji unga na blanketi, lakini pia walihitaji mtu wa kuuliza kwa upole: "Mama, ulikuwa ukitumia dawa gani?"

Swali hilo lingali na maana. Kwa kawaida kifua kikuu hutibiwa kwa dawa za kila siku kwa muda wa miezi sita. Baada ya wiki chache mgonjwa hupata nafuu, akadhani amepona na kuziacha. Viini vilivyosalia huweza kuwa sugu, na matibabu yake huwa magumu zaidi. Kwa hiyo mhudumu anayemshauri mgonjwa kuacha vidonge kwa sababu ameombewa anahatarisha maisha ya mgonjwa huyo na ya jamaa zake. Omba naye iwapo anataka, kisha hakikisha amemeza dawa. Aidha, asiye wa dini yako anastahili huduma iyo hiyo. Si lazima asikilize mahubiri ndipo abadilishiwe shuka.

Je, wewe mwenyewe utajikinga vipi? Kifua kikuu huenea kwa hewa, hivyo fungua madirisha na umwombe mgonjwa afunike mdomo akikohoa. Ukikohoa kwa wiki mbili, nenda ukapimwe. Virusi vya ukimwi havienei kwa kusalimiana wala kula pamoja. Hata hivyo, vaa glavu unaposafisha damu, matapishi au kinyesi cha mgonjwa yeyote, na unawe mikono kwa sabuni baadaye. Zamani waliokosa glavu walishauriwa kujifunga mifuko ya plastiki mikononi, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017. Kikundi kinachokutuma kikupe glavu.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mgongoni, kiunoni na visiginoni. Anafaa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Wewe unayefika Jumamosi alasiri huwezi kufanya hivyo. Jukumu lako kubwa basi ni kumfundisha binti, mume au jirani anayelala hapo, na kumpumzisha kidogo, maana yeye pia huchoka.

La mwisho ni siri. Katika ploti ambapo milango inatazamana, habari hutembea haraka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi inakataza kutoa matokeo ya mtu bila idhini yake. Hata katika maombi ya kikundi, usitaje ugonjwa wa mtu kwa jina.

Kabla ya kuandikisha jina lako, uliza ni nani atakayekufunza na ni muuguzi yupi utakayempigia mgonjwa akizidiwa. Kisha taja siku moja tu kwa wiki unayoweza kuitimiza. Ziara za kwanza fuatana na mhudumu aliyezoea, wewe ukichota maji na kufua.