Mpira Unaobeba Injini ya Land Rover

Mwenye Land Rover ya zamani akisikia chuma kinagonga chini kila anapoachia klachi, shaka yake ya kwanza huangukia propela shafti au difu. Fundi mwenye haraka humbadilishia krosi, gari linatoka gereji, na mlima wa kwanza unapofika, kule kugonga kwa chuma kunasikika tena. Mara nyingi ubovu uko kwenye vipande vinne vya mpira ambavyo hakuna aliyeinama kuviangalia: mauntingi mbili zinazobeba injini kwa mbele, na mbili zinazobeba giaboksi kwa nyuma.

Inaniuma kuona vipande hivi vinadharauliwa, hasa kwenye magari ambayo wenyewe wanayapenda kweli. Oktoba 2024 Land Rover zilifurika Arusha kwa ajili ya tamasha la magari hayo, nyingi zimepakwa rangi upya, viti vimeshonwa, taa zinang'aa. Rangi huonekana. Mauntingi haionekani, na ndiyo inayoamua kama gari lile litafika salama linakokwenda.

Injini ya silinda nne ikiwa sailensa kwenye mizunguko 600 kwa dakika hupiga mara 20 kila sekunde, na kila pigo linataka kuusukuma mwili mzima wa injini upande. Zamani injini nyingi zilifungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chasisi, na abiria walikula mtikisiko wote. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ilitoa Plymouth yenye injini iliyokalishwa juu ya mpira, ikauita mfumo huo Floating Power. Citroën ya Ufaransa ikanunua haki ya kuutumia na kuutangaza kwa alama ya bata maji anayeelea. Land Rover ilipooneshwa Amsterdam Aprili 1948, mpira chini ya injini ulikuwa jambo la kawaida.

Kwenye Land Rover za Series II na III, mauntingi ni mpira mnene wa duara uliogandishwa kiwandani kati ya sahani mbili za chuma, bolti zikitokeza pande zote mbili. Joto huukausha mpira huo, hewa huupasua, na oili huuvimbisha hadi ukawa laini kama ugali uliozidi maji. Land Rover nyingi za umri huu huvuja, kwa hiyo mauntingi za giaboksi huishi ndani ya mafuta. Anayeweka mpya bila kuziba uvujaji ameanza kuziua siku hiyo hiyo.

Dalili ziko mbele ya dereva. Miti ya gia kwenye gari hili imesimama juu ya giaboksi lenyewe. Ukitia rivasi ukaona virungu vya miti hiyo, chekundu na cha njano, vinaruka kwa pamoja, giaboksi linacheza. Kisha fungua boneti, vuta handibreki, mtu mmoja akanyage breki na kuachia klachi kidogo tu, kwanza gia ya mbele, kisha rivasi. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini yenye mauntingi nzima hutikisika kidogo, hilo ni sawa. Ukiona upande mmoja unainuka na sahani inaachana na mpira, jibu umelipata.

Hatari kubwa iko kwenye feni. Feni imefungwa kwenye injini, rejeta imefungwa kwenye fremu ya mbele, na nafasi kati yao ni ndogo. Injini ikishuka au ikasogea mbele wakati wa breki kali, mapanga yanaila rejeta. Ekzosi nayo hupasuka kwenye maungio, kwa sababu imelazimishwa kuibeba injini inayoyumba.

Kazi yenyewe ya kubadilisha mauntingi haihitaji mashine ya ajabu. Chomoa betri, nyunyizia nati mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, weka jeki chini ya sampu ukitanguliza ubao mpana na mnene, kwa kuwa bati la sampu hubonyea upesi. Inua polepole, jicho likiwa kwenye feni, hozipaipu na ekzosi; uzito ukishatoka kwenye mpira, acha kuinua. Badilisha zote nne. Mpya ikikaa ubavuni mwa iliyochoka hubeba mzigo wa mbili. Nati zote ziingie kwa mkono kwanza, injini ikalie mahali pake, ndipo ukaze. Na usisahau waya wa ethi kati ya injini na chasisi: mpira haupitishi umeme, na waya huo usiporudishwa, starta itavuta umeme kupitia njia isiyokusudiwa.

Pale Gerezani, jijini Dar es Salaam, kuna mikono yenye ustadi mkubwa, na nimeona mpira wa tairi la lori ukichongwa ukatoshea vizuri. Ninaheshimu ustadi huo, lakini kwa kazi hii siukubali. Tairi lina nyuzi au waya ndani, nalo limetengenezwa kustahimili msuguano wa barabara. Halishikani na sahani ya chuma, linabanwa tu. Kinachobanwa hakizuii injini kuinuka. Afadhali gari lisimame mwezi mzima likisubiri spea sahihi.

Dukani pia uwe makini. Mauntingi iliyokaa kwenye boksi miaka thelathini inaweza kuwa orijino na bado ikawa imekufa: ibonyeze kwa kidole gumba, ikague ukingo ambako mpira unakutana na chuma, na ukiona ufa mwembamba, irudishe. Ukishafunga mpya, endesha gari kwa wiki moja, liache lipoe, kisha pitia nati zote kwa spana.