Wastani Kama Kipimo: Mfano wa Wapigaji Wawili wa Besiboli

Wanafunzi wengi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi hujua kukokotoa wastani. Hujumlisha, hugawanya, wakapata jibu. Ukiwauliza jibu hilo lina kazi gani, hunyamaza. Hawana lawama, kwani somo hufundishwa kana kwamba kupata wastani ndiyo kumaliza kazi, ilhali wastani ni kipimo cha kupimia mambo mengine. Makala haya yanatumia mfano wa besiboli ya Marekani, mchezo ambao hesabu zake zimetunzwa kwa uangalifu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwalimu hahitaji kuujua mchezo wote. Inatosha ajue kwamba mtupaji humrushia mpigaji mpira, naye huupiga kwa gongo. Idadi ya mapigo yaliyofaulu hugawanywa kwa zamu za kupiga zinazohesabiwa, na jibu huandikwa kwa nafasi tatu za desimali. Mwaka 1930 Bill Terry wa New York Giants alipata mapigo 254 katika zamu 633, yaani 0.401. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski wa Boston Red Sox alipata mapigo 162 katika zamu 539, yaani 0.301. Waulize wanafunzi nani aliyekuwa bora. Watajibu kwa sauti moja kuwa ni Terry, tena kwa mbali.

Hapo ndipo uwape tarakimu mbili zaidi. Wapigaji wote wa ligi ya Terry walikuwa na wastani wa 0.303 mwaka ule; wale wa ligi ya Yastrzemski walikuwa na 0.230 tu. Wanafunzi wagawanye: 0.401 kwa 0.303 ni kama 1.32, 0.301 kwa 0.230 ni kama 1.31. Terry aliuzidi wastani wa ligi yake kwa asilimia 32, Yastrzemski kwa asilimia 31. Pengo lililoonekana kubwa limekaribia kutoweka! Yastrzemski aliongoza ligi nzima kwa tarakimu ambayo katika ligi ya Terry ingekuwa chini kidogo ya wastani.

Sababu yake yafaa ielezwe. Mwaka 1968 watupaji walitawala mchezo. Mwaka uliofuata mwinuko wanaposimama ulishushwa kutoka inchi 15 hadi inchi 10, na eneo la kulenga mpira likapunguzwa. Wastani wa ligi ya Yastrzemski ukapanda hadi 0.246. Haikuwa kwamba wapigaji walipata ustadi mpya kwa usiku mmoja.

Tukitaka kupima maisha yote ya mchezaji, upo mtego. Yastrzemski, aliyecheza tangu 1961 hadi 1983, alipata mapigo 3,419 katika zamu 11,988, yaani 0.285. Wanafunzi watapenda kujumlisha wastani wa kila mwaka na kugawanya kwa idadi ya miaka. Wape mfano mdogo: mchezaji amefaulu mara 1 katika zamu 2, kisha mara 20 katika zamu 100. Njia yao itatoa 0.350, hesabu sahihi ni 21 kwa 102, yaani 0.206. Wastani wa ligi nao, ukilinganishwa na maisha ya mchezaji, lazima kila mwaka upewe uzito kwa kadiri ya zamu alizopiga mwaka huo.

Jambo hili linamhusu mwalimu mwenyewe aandikapo taarifa kwa wazazi. Mtoto aliyepata alama 48 muhula wa kwanza, darasa likiwa na wastani wa 40, kisha 60 muhula wa pili, wastani ukiwa 60, huandikiwa kuwa amepanda. Kwa kulinganishwa na wenzake ameshuka kutoka 1.20 hadi 1.00. Huenda mtihani wa pili ulikuwa rahisi. Huenda pia darasa zima lilijifunza vizuri, naye pamoja nalo. Uwiano peke yake hautatui swali hilo. Mwalimu hana budi kuifungua mitihani yote miwili na kuyasoma maswali yenyewe kabla ya kuandika neno lolote juu ya mtoto huyo.