Vitenzi vya Kiingereza kwa Mambo Yaliyokwisha Pangwa



Kijana mmoja wa Kwedizinga aliletewa barua ya Kiingereza ya kumwita akajiandikishe kwa masomo. Ndani yake mliandikwa: “Registration closes on Friday.” Alipoona “closes” akakumbuka mafundisho yetu, ya kuwa kitenzi cha namna hiyo ni cha mambo ya desturi, kama “The sun rises in the east.” Basi akadhani daftari hufungwa kila Ijumaa na kufunguliwa tena juma lifuatalo. Akaenda Jumatatu, akakuta nafasi zimekwisha.

Hatuwezi kumlaumu. Tulimfundisha nusu ya jambo.

Kitenzi kile cha desturi kina kazi ya pili, nayo ni kutaja jambo lijalo ambalo siku yake au saa yake imekwisha wekwa katika ratiba. Basi la kwenda Korogwe likipangiwa kuondoka kesho saa moja asubuhi, Mwingereza husema “The bus leaves at seven tomorrow.” (Saa nazo ziangalieni: “seven” yake ndiyo saa moja yetu.) Vivyo hivyo, “School opens on Monday.” Lakini mvua haina ratiba, hata ile ya masika, kwa hiyo “It rains tomorrow” ni kosa, na ipasavyo ni “It will rain tomorrow.”

Mtu akiwa amepatana na mwenziwe, husema “I am going to Handeni on Saturday.” Hapa Kiswahili chatusaidia, maana nasi twasema “Jumamosi ninakwenda Handeni,” hali tungali tumekaa kitako barazani. Naye aonaye mwenziwe amelemewa na mzigo, akaamua papo hapo kumsaidia, husema “I will help you.”

Mahali ambapo Kiswahili chatuponza ni baada ya neno “when.” Sisi twasema “Basi litakapofika, nitakuambia.” Mwanafunzi huiona ile “-ta-” mara mbili, akaichukua yote miwili miwili mpaka katika Kiingereza, akaandika “When the bus will arrive, I will tell you.” Hatujapata kusahihisha madaftari ya darasa zima tusilikute kosa hili. Kiingereza chatosheka na “will” moja, nayo hukaa upande wa pili: “When the bus arrives, I will tell you.” Ndivyo ilivyo pia kwa “before,” “after,” “until,” na kwa “if” ya sharti: “If it rains, we will stay at home.”

Turudi kwa yule kijana. Kama waandishi wa barua wangalitaka kusema kila Ijumaa, wangaliandika “on Fridays.” Herufi moja tu ingalimpa haki ya kwenda Jumatatu. Mwaka uliofuata aliletewa barua nyingine yenye maneno yale yale, akatuonyesha, akatucheka kidogo. Alifika Alhamisi.