Zawadi kwa mtu anayeunda vindege vya plastiki: Kwa nini boksi jipya huishia juu ya kabati

Boksi limefungwa vizuri kwa karatasi ya kung'aa. Mpokeaji anatabasamu, anashukuru, picha zinapigwa. Miezi sita baadaye boksi liko juu ya kabati na nailoni yake haijachanwa.

Ndivyo inavyokuwa kwa zawadi nyingi wanazopewa watu wenye hobi ya kuunda modeli, yaani vindege, magari, meli na vifaru vinavyouzwa vipande vipande ndani ya boksi. Mwenye hobi anavikata vipande kutoka kwenye fremu ya plastiki, anavisugua, anavibandika kwa gundi, kisha anavipaka rangi hadi vifanane kabisa na kitu halisi kilichopunguzwa ukubwa.

Asikudanganye mtu kwamba ni midoli ya watoto. Kindege kimoja kinaweza kumaliza jioni za mwezi mzima za mtu mzima mwenye kazi na familia.

Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani hobi hii ina mizizi mirefu. Airfix ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1939, na Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, inajulikana na kila mwenye hobi. Huku kwetu anayeipenda hutegemea kuagiza mtandaoni au ndugu anayesafiri. Na kwa familia zilizotawanyika, mara nyingine mambo yanageuka: mwenye hobi ni shemeji aliyeko Birmingham, na wanaojikuna kichwa watume nini wako Mombasa.

Kosa la kwanza ni namba

Kila boksi lina namba kama 1/72, 1/48 au 1/35. Hiyo ni skeli, ile ile ya kwenye ramani. Ndege ya 1/72 ni ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Chanzo chake ni vipimo vya Kiingereza: mtu wa futi 6 ana inchi 72, kwa hiyo kwenye skeli hiyo anabaki inchi 1.

Ya 1/35 ina kisa cha kuchekesha. Mwaka 1961 Tamiya walitoa kifaru cha Panther chenye mota. Kwa maelezo ya Shunsaku Tamiya, aliyekuja kuiongoza kampuni hiyo kwa miaka mingi, ukubwa wake ulipangwa ili betri zienee ndani. Baadaye walipopima wakakuta ni kama 1/35, na leo vifaru vya kampuni chungu nzima duniani vinafuata namba iliyotokana na betri.

Kwa mnunuzi, namba hii ndiyo inayoamua kama hela imeenda vizuri. Ndege ya kivita ya Spitfire ina mabawa ya mita 11 na kidogo. Kwenye 1/72 inakuwa na upana wa karibu sentimita 16, inakaa kiganjani. Kwenye 1/48 inafika sentimita 23. Kwenye 1/24 ni sentimita 47, na hapo mwenye nyumba ataanza kuuliza maswali.

Meli ndiyo balaa. Titanic ilikuwa na urefu wa mita 269. Kwenye 1/700 inakuwa sentimita 38, kwenye 1/350 inafika 77, na kwenye 1/200 inapita mita 1.3. Hiyo tena si zawadi, ni fanicha.

Watu wengi wa hobi hii huchagua skeli moja au mbili na kubaki nazo, kwa sababu wanataka vitu vyao vikisimama pamoja viendane. Anayekusanya ndege za 1/72 akipewa moja ya 1/48, hana pa kuiweka. Atashukuru kwa adabu, basi.

Tena kuna suala la mada. Yupo asiyegusa chochote ambacho hakikuruka kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Mwingine anataka ndege za abiria tu. Na hata ukijua kwamba ni Spitfire, bado hujafika, maana matoleo yake yanaanzia Mk I hadi Mk 24, na mwenye hobi anayatofautisha kama shabiki wa mpira anavyotofautisha jezi za misimu.

Juu ya hayo, wengi wana maboksi mengi ambayo hawajayafungua. Kununua ni dakika tano, kuunda ni wiki kadhaa, kwa hiyo rundo linakua tu. Boksi jipya linaingia mwisho wa foleni.

Anayeng'ang'ania kununua boksi afanye upelelezi kwanza. Picha moja ya simu ya kabati la mhusika, iliyopigwa akiwa kazini, itaonyesha namba zinazojirudia na kampuni anazozipenda. Wengine huweka orodha ya walivyonavyo na wanavyovitamani kwenye tovuti ya Scalemates, na orodha ya aina hiyo ni dhahabu kwa mnunuzi.

Nunua vinavyokwisha

Zawadi ambayo ni vigumu kukosea ni vile vitu ambavyo kila mwenye hobi anavimaliza: nyembe za kisu cha kalamu, msasa, tepu ya kuzibia rangi, brashi nyembamba, gundi.

Havina mvuto kwenye picha za Instagram, ni kweli. Lakini wembe butu ndio unaoharibu kipande na kukata vidole, kwa sababu mkono unalazimika kusukuma kwa nguvu. Pakiti ya nyembe mpya itatumika wiki hiyo hiyo.

Kwenye gundi kuna jambo la kuelewa. Gundi ya modeli za plastiki hainati kama gundi ya karatasi. Inayeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki, zinaungana, na dawa inapokauka zinakuwa kipande kimoja. Kwa hiyo haishiki mbao wala chuma, na haishiki vizuri juu ya rangi. Super glue ya dukani si mbadala wa kila mahali pia, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo vya ndege. Kama hujui mhusika anatumia gundi ipi, angalia chupa aliyonayo mezani, nunua ile ile.

Habari njema ni kwamba si lazima kuagiza kila kitu Japani. Msasa wa maji unaouzwa hardware kwa mafundi rangi za magari, kuanzia namba 400 hadi 2000, ndio huo huo unaotakiwa. Maduka ya vipodozi, yale yaliyojaa Kariakoo kwa mfano, yana hazina nyingine: vibano vyenye ncha kali vya kubandikia kope, na vile vipande laini vya kung'arishia kucha. Mwenye hobi akipewa vibano vya kope hatashangaa. Anayeshangaa ni muuzaji, akiona mwanaume wa makamo anajaribu kibano kimoja baada ya kingine.

Kifaa kimoja kizuri

Mwenye bajeti kubwa kidogo afikirie koleo ya kukatia, ndogo, ya plastiki maalumu. Plaizi ya fundi umeme inaminya kabla ya kukata, na plastiki inabaki na alama nyeupe ambayo inaonekana hata baada ya rangi. Koleo ya modeli ina makali membamba na inakata safi. Ni kifaa ambacho wengi wanakitamani na kukiahirisha, kwa sababu kila wakiwa na hela wananunua boksi jingine.

Taa ya mezani yenye lenzi ya kukuza nayo haikosei, hasa kwa aliyevuka miaka 40. Mkeka wa kukatia, vivyo hivyo.

Kisha kuna zawadi ya ndoto: eabrashi, kikalamu kinachopulizia rangi kwa upepo, pamoja na kompresa yake. Hapa tahadhari ni ya kweli kabisa. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120 na Japani ni 100. Tanzania ni 230 na Kenya 240. Kompresa iliyotengenezwa kwa volti 120 ikichomekwa ukutani Dar es Salaam inaweza kuungua siku ya kwanza. Soma kibandiko: kikiandikwa 100-240V hakuna shida. La sivyo, itafutwe iliyotengenezwa kwa umeme wa huku.

Eabrashi pia inatupa rangi hewani kama ukungu mwembamba sana, na mtu akifungia chumbani anauvuta wote. Anayenunua kifaa hicho aongeze na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, kwa kuwa barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Chumba chenye watoto wadogo hakifai, hata dirisha likiwa wazi.

Kabla ya kumpa ndugu alete

Mpango wa kawaida ni kumwagiza anayerudi: "Dada, ukija niletee rangi za modeli." Sasa hapo uwanja wa ndege unaweza kuharibu sherehe.

Rangi za kopo la kupuliza, thina na gundi za kuyeyusha plastiki hushika moto, na vitu vya namna hiyo haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, iwe begi la mkononi au lile la kwenda chini ya ndege. Akigundulika, vinabaki huko. Hata baadhi ya rangi za akriliki zina pombe ndani. Rangi zenye maji, kama Model Color za kampuni ya Vallejo ya Hispania, hazina tatizo hilo la moto, ila chupa zake zibanwe vizuri na ziwekwe kwenye begi la chini. Visu na nyembe pia ni begi la chini tu.

Maboksi ya modeli yenyewe hayana shida, isipokuwa yale yanayouzwa na gundi na rangi ndani. Hayo yakaguliwe kabla ya kufunga begi.

Kwa anayeanza

Mtoto au mtu mzima ambaye hajawahi kuunda chochote ndiye pekee ambaye boksi ni zawadi sahihi moja kwa moja. Roboti za Gundam za Bandai, zinazouzwa tangu mwaka 1980, siku hizi hubanwa kwa mkono bila gundi, na plastiki yake tayari ina rangi tofauti. Airfix wana mfululizo wa Quick Build unaobanwa kama matofali ya kuchezea.

Kwa kijana anayekodolea macho kila ndege inayopita, kuna Boeing 787-8 ya skeli ya 1/144. Ni aina ile ile ya Dreamliner wanayorusha Kenya Airways na Air Tanzania, na mabawa yake yakishaundwa yana upana wa sentimita 42. Ila hiyo inataka gundi na rangi, kwa hiyo awepo mkubwa wa kukaa naye.

Ambaye mfuko hauruhusu aangalie Creative Park ya Canon, inayotoa bure modeli za karatasi za kuchapisha. Kinachobaki ni karatasi nzito, mkasi na gundi.

Maboksi ya zamani ya mitumba nayo huuzwa kwa bei nzuri, na plastiki yake huwa haina neno. Cha kuangalia ni stika za kulowekwa kwenye maji, zile zenye namba na nembo za ndege. Joto na unyevu, hasa wa pwani, huzifanya ziwe za njano na kupasukapasuka. Kama zimegeuka njano tu, wenye hobi huzibandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa jua kwa siku kadhaa hadi zirudi kuwa nyeupe. Zikishapasuka, muuzaji apunguze bei, maana stika mpya zitanunuliwa kando.